Hewa ya Kisiwa ni Mali ya Nani?

Shamba lina mipaka, na bahari iliyo karibu na nchi kavu ina sheria zake. Lakini hewa ichukuayo sauti ya mwimbaji kutoka mlingotini hadi sikioni mwa msikilizaji, ni nani awezaye kuidai kuwa yake? Suala hili huonekana la wanafalsafa walioshiba, mpaka litazamwe kutoka kisiwa kidogo chenye jirani mkubwa.

Kisiwa cha Man kimo katika Bahari ya Ireland. Si sehemu ya Uingereza. Kina bunge lake, Tynwald, ambalo wenyeji hulihesabia umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Hata hivyo, katika miaka ya 1960 ruhusa ya kutumia mawimbi ya redio ilikuwa mkononi mwa London. Mnamo Juni 1964, mwaka ambao Unguja na Pemba zina habari zake nyingine kabisa, Manx Radio ilianza kutangaza kutoka ndani ya gari la kukokotwa, wakati wa mashindano ya pikipiki. Kilikuwa kituo cha kwanza cha biashara kupewa idhini ya kisheria katika visiwa vya upande ule. London yenyewe ilingoja hadi 1973.

Idhini ilitolewa, nguvu ikazuiliwa. Kituo kilipopata masafa ya kati baadaye mwaka huo, mtambo wake uliwekewa kikomo cha wati 50, kiasi cha taa ya chumbani, ili sauti isivuke maji. Na tayari tangu Julai meli ya Radio Caroline ilikwisha kutia nanga mbele ya mji wa Ramsey, ikipiga muziki mchana kutwa bila idhini ya yeyote, kwa mtambo wenye nguvu mamia ya mara kuliko ule. Aliyebisha hodi akapewa kunong'ona. Asiyebisha akapaza sauti. Je, mtiifu alitendewa haki?

Upande wa London nao ulikuwa na hoja, na si hoja ya kudharauliwa. Wanamuziki wa Uingereza walikuwa wamepigania mapatano ya kuizuia BBC isipige santuri ila kwa saa chache kwa siku. Santuri huzungushwa mara elfu, na mpigaji fidla amelipwa siku moja tu. Anayeipiga bure baharini hula jasho la mtu asiyemjua. Kasoro ya hoja hiyo ni kwamba Manx Radio, iliyofuata sheria, ilibanwa vilevile.

Mwaka 1967 Uingereza ilipitisha sheria ya kuzikomesha redio za melini. Wawakilishi wa Man waliikataa. Yawezekana wapo walioipenda meli kwa kuwa ilikitangaza kisiwa chao kwa wageni, na sababu hiyo si safi sana. Lakini jibu la London halikugusa usafi wa sababu: sheria ilipelekwa kisiwani kwa amri ya Malkia katika Baraza lake, na kura ya wenyeji ikawa kama haikupigwa. Hapo ndipo suala la hewa lilipojivua nguo za muziki. Anayeamua kisiwa kisikike umbali gani ameamua pia kisiwa hicho ni kikubwa kiasi gani.

Meli nayo haikuwa malaika wa uhuru. Katika miaka yake ya mwisho ilikuwa ikirudiarudia nyimbo za kampuni ya santuri ya mmoja wa wakurugenzi wake, hata msikilizaji akalishwa asichokiagiza. Machi 1968 ilikokotwa hadi Amsterdam kwa ajili ya madeni.

Mwaka huohuo serikali ya Man ikainunua Manx Radio. Matangazo ya biashara yakaendelea, na fedha za umma zikaingia kando yake. Wapenda soko huona hilo kuwa doa. Wamtazame basi Ned Maddrell, mzee mvuvi, msemaji wa mwisho aliyelelewa katika Kimanx, aliyefariki Desemba 1974. Lugha iliyobakiwa na wasemaji wachache namna ile haina wateja wa kutosha kumvutia muuza sabuni. Hata hivyo Manx Radio imekuwa na vipindi vyake, na kimojawapo kikaitwa kwa Kimanx chenyewe: Moghrey Jedoonee, yaani asubuhi ya Jumapili.