Kuku wa Mwenyeji: Je, Mgeni Ale au Akatae?

Neno hili laonekana dogo, kwa kuwa ni habari ya sahani na chungu. Walakini limetusumbua moyoni kwa miaka, nasi twadhani limewasumbua wengi waliotumwa kazi katika nchi za watu.

Mwaka 2019 tulitumwa kutoka Kigoma kwenda Bukavu, kusaidia kupanga masomo ya wakatekumeni kwa Kiswahili. Tulipita Burundi, tukaufuata uwanda wa Ruzizi, tukapanda milima hata tukaliona Ziwa Kivu. Tukapewa malazi kwa jamaa moja katika Kadutu, mahali ambapo nyumba zimebanana juu ya mteremko. Baba alikuwa fundi wa viatu. Mama aliuza makala sokoni, ndiyo makaa kwa lugha ya kwetu.

Jioni ya kwanza tuliandaliwa bugali, yaani ugali wa muhogo, na sombe iliyotiwa mawese, na samaki wadogo wa kukaanga waitwao sambaza. Tulikula kwa furaha kubwa, maana ladha yake tuliijua. Kumbe, sambaza ni dagaa wa kwetu! Mnamo mwaka 1959 walitolewa Ziwa Tanganyika wakatiwa katika Ziwa Kivu, lililokuwa na samaki wachache, nao wakazaana. Wavuvi wa Kivu huwavua usiku kwa taa, na watu wengi hupata riziki kwao. Tulicheka na wenyeji wetu, tukasema kwamba watu wa Kigoma tumetanguliwa Bukavu na samaki.

Siku ya pili tulipikiwa kuku. Tulikula vizuri, hata tukaongezewa. Baadaye, tulipotoka uani kunawa mikono, tuliwakuta watoto wanne wakila bugali kwa lenga-lenga tupu. Mdogo wao akatuambia, bila ubaya wowote, kwamba kuku yule ndiye aliyekuwa akitaga. Usiku ule usingizi haukutujia upesi.

Basi, siku ya tatu tukajifanya wenye hekima. Tulipoandaliwa, tulimega matonge mawili, tukasukuma sahani, tukasema tumbo linauma. Mama akaondoa chakula kimya. Baba akakaa kidogo, kisha akasema, “Mwalimu, samahani nikuulize. Umekataa chakula, ao umetukataa sisi?”

Hatukuwa na jibu. Tulidhani tumewahurumia, kumbe tumewaaibisha. Maskini naye ana heshima yake, na mojawapo ya heshima zilizomsalia ni kuweza kumpa mtu kitu. Anayemnyima nafasi hiyo amemnyang’anya zaidi ya kuku. Tena tulikuwa tumesema uongo, na uongo haugeuki kuwa fadhila kwa sababu umevaa nguo ya huruma.

Wengine watasema, “Yafaa mgeni alipe.” Twakubali kwamba aliyetumwa kazi asiende mikono mitupu, tungalileta unga au sukari tangu siku ya kwanza, ingekuwa vema. Lakini kuweka noti mezani baada ya kula ni kuigeuza nyumba ya mtu kuwa hoteli.

Na wengine watasema, “Ale tu, ndiyo desturi.” Hapana. Desturi yenyewe inamwekea mgeni mpaka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wazee waliosema hivyo hawakuwa wachoyo. Walijua kwamba ukarimu nao ni kisima, na kisima hukauka.

Tukikumbuka Maandiko, Bwana wetu alipowatuma wafuasi wake sabini na wawili aliwaagiza wale wanavyoandaliwa, wala wasihamehame nyumba kwa nyumba. Na nabii Eliya alimwomba mkate mjane wa Sarepta, aliyebakiwa na konzi ya unga. Kwa macho ya kibinadamu ombi hilo ni kali mno. Lakini Eliya hakula akaenda zake: alikaa katika nyumba ile, na mtoto wa mjane alipokufa, ni yeye aliyemlilia Mungu hata mtoto akafufuka. Aliyekula unga wa nyumba alibeba na msiba wake.

Hapo ndipo tulipoona njia. Tulimwomba radhi baba, na mama pia. Asubuhi tulichukua bidoni mbili tukaenda bombani pamoja na watoto, nao wakatucheka kwa jinsi tulivyopanda mlima tukihema. Jioni tuliomba jambo moja tu: watoto waje wale nasi sinia moja. Chakula kilikuwa kile kile, wala hakuna aliyeaibika.

Lakini deni halikwisha siku ile. Mwezi wa Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Bukavu, na maelfu ya watu wa Kivu ya Kusini wakavuka kwenda Burundi. Kwa siku nyingi hatukujua jamaa yetu wako wapi. Katika siku hizo tulimsikia mtu mmoja wa kwetu akisema, “Wakimbizi tena! Watatumaliza.” Sisi wa Kigoma twaijua kambi ya Nyarugusu, ambayo tangu mwaka 1996 imewapokea Wakongo wengi. Tungaliisikia kauli hiyo kabla ya safari yetu, labda tungalinyamaza. Sasa hatukuweza. Tulimwambia, “Ndugu, sisi tumekula kuku wao aliyekuwa akitaga.”

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sambaza walikwenda Kivu wakiwa wageni, na wenyeji wakapona. Basi, ndugu msomaji, ukiandaliwa ugenini, kula, shukuru, bakiza cha watoto, nawe ushike jembe. Na siku mwenyeji wako, au mtu wa kabila lake, atakapobisha hodi kwako, usiulize amekuja kumaliza nini. Kumbuka sahani yake, umkaribishe.