Msitie Samaki Kwenye Maji Machanga

Ndugu zangu wa Kimanga na Segerea, wa Bima na Barakuda, wa Relini na Kisukuru, nawasihi: acheni kuwaua samaki wa bahari kwa haraka yenu.

Nasema kuwaua, wala sitafuti neno laini. Tangi linachukuliwa Ijumaa kwa fundi vioo. Jumamosi linajazwa maji. Jumapili, watu wakitoka kanisani, mtoto analetewa yule samaki wa rangi ya machungwa mwenye mistari myeupe, maana tangu filamu ya Finding Nemo itoke mwaka 2003 hakuna mtoto asiyemjua. Ikifika Alhamisi samaki yuko juu ya maji, anahema mdomo wazi, matamvua yakipiga haraka haraka. Ijumaa anaelea ubavu. Ndipo maneno yanapoanza: alikuwa mgonjwa huyo, muuzaji katuuzia kibovu, samaki wa chumvi hawafugiki mjini. Si kweli! Samaki yule aliingia nyumbani kwenu akiwa mzima. Ameuawa na uchafu wa mwili wake mwenyewe, ndani ya maji ambayo hayakuwa bado na wa kuyasafisha.

Jibu lenu nalijua, maana ndilo jibu letu sisi watu wa pwani: "Maji yangu nimeyateka baharini kwenyewe, na samaki katoka humo humo. Atakufaje?" Naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapopotea.

Samaki hutoa amonia kila anapopumua, sehemu kubwa ikipitia kwenye matamvua. Amonia ni sumu. Pale kwenye miamba ya visiwa vya Mbudya au Bongoyo haimdhuru, kwa kuwa maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, mkondo unaizoa, na kila jiwe na kila punje ya mchanga imevaa bakteria wanaoila. Wewe ulipolinyanyua dumu lako la lita 20 ufukweni, ulibeba maji na chumvi yake. Mkondo umeuacha. Mwamba umeuacha. Na bakteria hao huishi wameng'ang'ania kitu kigumu. Kwenye maji matupu ni wachache mno. Ndiyo maana hata ukipewa ndoo ya maji ya tangi la zamani la jirani haikusaidii kitu. Mwombe jiwe lake moja, au kipande cha sponji chafu cha kichujio chake, hapo atakuwa amekupa zawadi kubwa.

Tena bahari inazidi ukali. Maji ya bahari yana pH ya 8.1 hadi 8.4, na pH ikipanda kwa namba moja, ile sehemu ya amonia yenye sumu kali huongezeka karibu mara kumi. Uzembe ambao kambale wa maji baridi angeuvumilia, samaki wa mwambani hauvumilii.

Bakteria hao wasafishaji wako makundi mawili, na hayaanzi kazi siku moja. La kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti. La pili huichukua nitriti na kuigeuza nitrati, ambayo samaki wengi huistahimili ikiwa kidogo, nawe unaipunguza kwa kubadilisha maji. Mambo haya si ya jana. Sergei Winogradsky aliandika juu ya bakteria hawa mwaka 1890, akiwa amewatafuta kwenye udongo. Lakini ni viumbe wa polepole. Bakteria wanaochachisha mchuzi uliolala nje wanaweza kuongezeka maradufu kwa dakika 20 au 30, ilhali hawa huhitaji saa nyingi, wakati mwingine siku nzima. Kundi la pili haliwezi hata kushiba kabla la kwanza halijaanza kulipikia. Kwa hiyo tangi jipya la maji ya chumvi huhitaji kama wiki nne hadi sita kukomaa, na hakuna fedha itakayoinunua siku hiyo ikuletee kesho.

Ninyi mnaosoma Biblia, rudini kwenye kitabu cha Mwanzo mwone utaratibu wa Muumba. Maji yalitengwa siku ya pili, yakakusanywa mahali pamoja siku ya tatu, mimea ikaota, mianga ikawekwa siku ya nne. Samaki walikuja siku ya tano. Nanyi ndugu zetu Waislamu, mnajua kwamba Yeye akitaka jambo huliambia liwe, nalo likawa, na bado mbingu na ardhi aliziumba kwa siku sita. Sasa sisi ni nani hata tuumbe bahari sebuleni na kuijaza viumbe kwa siku mbili?

Basi fanyeni hivi.

Tekeni maji mahali safi. Mto Msimbazi tunaujua, unapita pembeni yetu hapa, umeshuka kutoka Pugu, unapita Vingunguti na Jangwani na kuingia baharini penye Daraja la Salenda, na kila tunachokitupa ndani yake unakwenda nacho. Usiteke maji karibu na mdomo wake. Vuka Kigamboni, teka upande wa bahari kuu, maji yakiwa yanajaa, wala isiwe siku moja baada ya mvua kubwa. Anayetumia chumvi ya dukani achukue ile iliyotengenezwa kwa matangi ya bahari, gramu 35 hivi kwa lita, yaani kilo 7 kwa tangi la lita 200. Chumvi ya kupikia haifai, haina kalisi wala magnesi ya kutosha. Kama ni maji ya bomba, klorini iondolewe kwanza. Imewekwa mle ili iue bakteria, nasi tunaishukuru kwa kutukinga na kipindupindu, lakini itawaua na hao unaotaka kuwalea.

Washa pampu, maji yazunguke usiku na mchana, maana bakteria hawa wanahitaji oksijeni. Kisha nenda soko la samaki la Feri ununue kamba mmoja mbichi, asiye na chumvi wala ndimu. Mfunge kwenye soksi nyepesi safi, umning'inize ndani ya tangi. Ataoza, na harufu itasikika, mvumilie. Kuoza kwake ndiko kunakotoa amonia ya kuwalisha bakteria, bila kiumbe yeyote kuteseka. Amonia ikifika miligramu 2 kwa lita inatosha. Ikikimbilia 5, mtoe kamba.

Na nunua vifaa vya kupimia. Nawasihi kwa hili kuliko yote! Watu wananunua taa za rangi na kasri la plastiki, halafu vichupa vitatu vya matone wanaviona ghali. Kwa vifaa vingi vya aina hiyo, unatia maji ya tangi kwenye kichupa, unadondosha matone, unatikisa, unasubiri. Amonia ikiwepo, maji ya njano yanageuka kijani. Baada ya siku kadhaa ule ukijani unaanza kufifia, na kile kichupa cha nitriti kilichokuwa buluu kinageuka zambarau. Hapo wengi hushangilia na kukimbilia dukani. Subirini! Ni kundi la kwanza tu limeamka. Ni kweli nitriti haimwui samaki wa maji ya chumvi upesi kama inavyomwua wa maji baridi, lakini maadamu bado ipo, ujue kazi haijakamilika. Karibu na wakati huo utaona utando wa kahawia umetandaa juu ya mchanga na vioo. Usiogope wala usilimwage tangi zima ili kulisafisha, unaondoka wenyewe.

Kuna desturi moja lazima niikemee wazi. Wapo wanaoshauri utie kwanza samaki mgumu, wa bei ndogo, ndiye akomaze tangi. Akifa hasara si kubwa. Hasara kwa nani? Samaki yule anaungua matamvua kwa wiki nzima ili sisi tuokoe bei ya kamba mmoja. Hakuzaliwa dukani. Alizaliwa mwambani, akatolewa huko na mzamiaji mwenye kijavu cha mkono, akasafirishwa kwenye mfuko wa plastiki. Ndugu zake wenye mistari myeupe, wanaokaa kwenye anemoni za pwani yetu hii, wakitunzwa vizuri huweza kuishi zaidi ya miaka 10. Kumpa siku chache aliyekuwa na miaka 10 mbele yake ni dhuluma, na udogo wa bei hauipunguzi.

Msikimbilie mwambani kung'oa mawe yaliyokwisha kuvaa bakteria pia. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu mwaka 1975, na Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994 ipo. Matumbawe yetu yamekwisha kupigwa baruti, yakapauka kwa joto la bahari mwaka 1998. Yasibomolewe tena kwa ajili ya sebule. Jiwe kavu la matumbawe kutoka nchi kavu, likioshwa vizuri, litavaa bakteria kwa muda wake.

Joto la mjini nalo liangalieni: maji yakipita nyuzi 28 washeni feni ipulize juu yake. Yakipungua kwa kukauka, jazieni maji yasiyo na chumvi, maana chumvi haikauki. Wengi wetu tuna visima vyenye maji ya chumvichumvi, hayo msijazie. Na pampu ya hewa ya betri iwepo, kwa ajili ya umeme kukatika.

Siku amonia na nitriti zitakaposoma sifuri, tia chembe za chakula cha samaki na upime siku mbili tatu zinazofuata. Zikibaki sifuri, badilisha nusu ya maji kupunguza nitrati. Ndipo uende kwa muuzaji ukachague samaki wako. Chukua mmoja, wawili wakizidi sana. Zima taa, acha mfuko uelee juu ya maji ya tangi hadi joto lilingane, mwongezee maji yako kidogo kidogo kwa muda wa saa moja, kisha mhamishe kwa kijavu. Maji ya mfuko yamwagwe nje. Pima amonia kesho yake na kesho kutwa. Mwingine asije kabla wiki mbili hazijapita, maana bakteria wako ni wengi kwa kadiri ya chakula wanachopata, na huyo mgeni wa pili anakuja na amonia yake.