Kupanua Nyumba au Kuijenga Upya

Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ikiwa ufa umeanzia katika msingi, kuuziba kwafaa nini?

Mama yangu hukaa hapa Nuu, katika Kaunti ya Kitui, katika nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga pamoja na marehemu baba. Ukuta ulipopasuka, mimi nilitaka kuibomoa nyumba nzima. Yeye alitaka niongeze chumba kimoja tu. Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Akaniuliza, "Mwanangu, matofali ya nyumba nzima utayafyatua kwa maji ya nani?" Nikanyamaza, maana wakati wa kiangazi watu huchimba mchanga wa mito iliyokauka ili wapate maji ya kunywa, na tanuri la matofali hula miti.

Tukafukua msingi. Ulikuwa wa mawe, tena mzima. Ufa ulitokana na maji ya paa. Tukauziba, tukaongeza chumba, tukatia mfereji wa bati. Maji yaliyopasua ukuta sasa hujaza pipa.

Lau msingi ungalikuwa umebomoka, kuongeza chumba kungalikuwa kumdanganya mama. Basi, msomaji, usibomoe kwa fahari, wala usihifadhi kwa mapenzi tu. Fukua kwanza.