Je, Ni Haki Kumpa Mtoto Mchanga Jina la Pepo?



Mama mmoja alituletea mtoto wa miezi minane tumwombee. Hatulii, halali, na majirani wamesema ana pepo. Wenye shule nao walisema ni ule ugonjwa wa watoto wasioweza kutulia. Tukakemea pepo. Twakiri hatukuuliza hata kama mtoto ameshiba.

Ugonjwa huo upo. Si pepo, wala si malezi mabaya. Mara nyingi hufuata ukoo, na waliozaliwa kabla ya siku zao wako katika hatari zaidi. Nasi twajua wangapi walizaliwa njiani tukikimbia. Lakini kwa mtoto wa maziwa hakuna daktari awezaye kuuthibitisha. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2019 huanza kupima kwenye miaka 4, na dalili lazima zionekane mahali zaidi ya pamoja, kama nyumbani na shuleni. Kulia usiku kwaweza kuwa njaa, sikio, homa, au joto la nyumba zetu hizi.

Basi mbona tunaharakisha jina? Labda kwa sababu jina hutupumzisha sisi. Kuhani Eli alitazama midomo ya Hana akadhani amelewa, naye alikuwa mtumishi wa Mungu! Hana aliweza kujibu. Mtoto huyu atajibu kwa kinywa gani? Jina atalikuta likimngoja shuleni.

Mama yule hajarudi kanisani. Juma hili tutakwenda kwake pamoja na wazee wawili, tumwombe radhi, kisha tumsindikize kituo cha afya.