Mjomba wa Tanga Amechoka

Kila ukoo wa Pwani una mjomba wa Tanga. Si lazima akae Tanga. Wengine wako Malindi, wengine Bagamoyo, wengine shamba huko Pemba. Ni yule ndugu anayepigiwa simu usiku kwa sauti ya chini, pale kijana alipokwisha kuuza pasi na mtungi wa gesi, na sasa sufuria ya pilau ya mamake nayo haionekani. "Tunamleta kwako apumzike kidogo, marafiki wa huku wamemharibu." Mjomba anakubali, maana atakataaje? Majirani wanaambiwa kijana kapata kazi.

Nimeyaona haya tangu heroini ya brown sugar ilipoanza kuuzwa Mombasa na Malindi miaka ya 1980, na wala siku hizi sikasiriki tena. Kijana anashuka kwenye basi na arosto yake, makamasi yanamtiririka, kila kiungo kinamuuma. Adhuhuri haijafika ameshajua kijiwe kiko wapi. Mateja hawaulizani njia, wanajuana kwa macho. Haupiti muda mrefu, mjomba naye anaanza kutafuta pasi yake.

Mama simlaumu. Aibu ni mzigo, na mtu akielemewa huutua popote penye nafasi. Linalonishangaza ni kuona miji mizima, yenye mameya na bajeti na magari ya ving'ora, ikifanya kama mama yule. Mgeni mkubwa akikaribia, polisi wanapita vijiweni alfajiri, wanakamata hawa, wanatawanya wale, halafu tunaambiwa mji umesafishwa. Umesafishwaje, wanangu? Taka zimefagiliwa hadi mlangoni kwa jirani, na jirani naye ana ufagio wake.

Mnakumbuka Desemba 2010 huko Pwani ya Kenya? Unga uliadimika ghafla, Mombasa hadi Malindi, mpaka ukaingia mwaka mpya. Wengi walishangilia. Huko vijiweni watu walikuwa wakitapika na kugaagaa, hospitali hazikuwa zimejiandaa, na wapo waliogeukia vidonge na pombe ili tu usiku upite. Unga uliporudi, uliwakuta wateja palepale. Februari 2011, Muhimbili, Dar es Salaam, ikaanza kutoa methadoni, ile dawa ya kunywa inayotuliza arosto mtu akaweza kwenda kazini kama wenzake. Malindi iliipata Februari 2015. Kutoka Dar hadi Malindi ni safari ya siku moja kwa basi. Methadoni ilichukua miaka minne. Wenye mzigo hawakungoja vibali. Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata jahazi nje ya pwani ya Kenya likiwa na zaidi ya tani moja ya heroini, na hilo ni lile moja lililoonekana.

Msidhani ni ujinga wetu peke yetu. Zürich, mji wa mabenki, iliacha bustani nyuma ya stesheni kuu igeuke kijiwe kikubwa, watu wakijidunga mchana kweupe. Februari 1992 milango ya bustani ikafungwa. Basi watu wakajizoazoa wakahamia Letten, stesheni iliyoachwa, mwendo mfupi tu kutoka pale. Ilibidi ifike 1995 ndipo Letten nayo ifungwe, na safari hiyo walau walikuwa wamejifunza: waliotoka miji mingine walirudishwa makwao, na wenye mji wao wakatakiwa kuwapokea na kuwahudumia, watake wasitake.

Huo ndio utamu wa jambo lenyewe. Novemba 1990 miji minne, Amsterdam, Frankfurt, Hamburg na hiyo Zürich, ilikaa pamoja mjini Frankfurt ikakiri kwa maandishi kwamba kufukuza watu peke yake kumeshindwa. Frankfurt ilikuwa imeona kuwa wengi wanaojazana kwenye vijiwe vyake si wana wa mji. Wametoka vitongoji na miji ya jirani, ambako hakuna kliniki wala mtu wa kuwasikiliza. Ikawaambia majirani: fungueni huduma kwenu. Na ndani ya mji wenyewe, kila Jumatatu polisi, mwendesha mashtaka, watu wa afya na wa ustawi wa jamii walikaa meza moja. Mwaka 1991 Frankfurt ilizika watu 147 waliouawa na dawa hizo. Miaka michache baadaye hawakufika 50 kwa mwaka. Wapo walionuna, bila shaka. Mwaka 1994 miji mingine ilikutana Stockholm ikatoa azimio lake, haitaki kusikia habari ya kulegeza kamba. Wagombane tu. Mradi wamekaa kitako.

Sisi huku waliotangulia ni mateja wenyewe waliopona. Nyumba za soba, za kuacha unga, zilianzia Unguja, zikiendeshwa na watu waliowahi kulala barazani kwa watu, kisha moyo huo ukavuka bahari hadi Bagamoyo na Tanga. Hakuna diwani aliyewatuma. Walijua tu kwamba anayepona huko Unguja anao marafiki ng'ambo wanaoendelea kufa.

Sasa nisikilizeni kwa hili dogo. Methadoni kwa kawaida inanywewa kila siku, dirishani, mbele ya muuguzi. Na watu wetu hawakai mahali pamoja. Mvuvi wa Unguja anakwenda dago pwani ya Kenya msimu mzima. Utingo analala alikolala gari. Msiba nao hauulizi ratiba ya kliniki. Mtu kafiwa, anapanda basi jioni ileile, na huko aendako hakuna anayejua jina lake wala kipimo chake. Siku ya kwanza anavumilia, siku ya pili anatetemeka. Siku ya tatu kuna mtu anamwonyesha kete, tena kwa mkopo. Akirudi baada ya siku kadhaa, anaanzishwa upya kwa dozi ndogo, naye ameshaonja tena.

Kwa hiyo Unguja, Dar, Tanga, Mombasa, Malindi na Lamu wakutane, Jumatatu au siku yoyote itakayowafaa, na mkuu wa polisi aje na hesabu ya wale aliowatawanya: walikwenda wapi? Wakishindwa kukubaliana kwa mengine, waanze na muuguzi wa hospitali ya Kidongo Chekundu, Unguja, kuwa na namba ya mwenzake wa Malindi, ili mvuvi apewe cheti kabla ya kupanda ngalawa: jina, kipimo, siku ya mwisho aliyokunywa. Karatasi moja. Mabaraza yetu yamewahi kujadili rangi ya vibanda vya wamachinga mchana kutwa, chai na sambusa juu.