Je, Ni Kweli Chema Chajiuza?



Wahenga wetu wamesema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapana mtoto wa pwani asiyeijua methali hii, na aghlabu twaitumia pale tumwonapo mtu ajinadiye mno hata tukaingiwa na shaka naye. Lakini methali, kama zilivyo hukumu zote za wanaadamu, yataka ipimwe kwa mambo yalivyo. Je, ni kweli kwamba chema chajiuza? Na ikiwa hakijiuzi, basi yafaa katika murua kumfundisha kijana namna ya kukiuza? Hii ndiyo mas-ala tutakayo kuitazama leo, kwa kuwa imekwisha kuingia majumbani mwetu bila ya kubisha hodi.

Huko Uingereza, vijana wa miaka 16 hadi 18 husomeshwa mashuleni somo la vyombo vya khabari, na ndani ya somo hilo hufunzwa jinsi mtu wa kawaida anavyogeuzwa kuwa nyota. Kitabu kinachotajwa sana ni cha mwanachuoni Richard Dyer, kiitwacho Stars, kilichotoka mwaka 1979. Dyer aliandika juu ya nyota wa sinema, lakini walimu wamekiona kuwa chafaa kwa waimbaji vile vile. Khulasa ya maneno yake ni kuwa nyota tumjuaye si yule mtu mwenye nyama na damu, bali ni sura iliyoundwa. Na vitu viiundavyo ni vinne: matangazo yanayotolewa kwa makusudi; khabari za magazetini zinazoonekana kana kwamba zimepatikana bila ya mwenyewe kutaka; kazi zake khasa; na maneno ya wahakiki wanaomsifu au kumponda. Wala hawaishii kusoma tu. Kwa miaka mingi wanafunzi wa somo hili wamekuwa wakipewa kazi ya kumbuni mwimbaji, wakamchagulia jina na mavazi, wakamtengenezea jalada la santuri, filamu fupi ya wimbo na tangazo la gazetini.

Watu wamegawanyika juu ya mafunzo haya. Wako wasemao kuwa huku ni kumfundisha mtoto hila, na mwenye kufunzwa hila hataacha kuitumia. Wako wengine wasemao kuwa hii ni kazi kama kazi nyingine, kuna mishahara na kuna waajiri, basi mwalimu na afundishe ufundi na mambo ya murua awaachie wengine. Sisi twaona kuwa makundi haya mawili yamekosea kosa moja: yote yamedhani kwamba kuunda sura na kudanganya ni kitu kimoja, la kwanza likachukia na la pili likaridhia. Basi na tutazame kama ni kitu kimoja kweli.

Kwanza, tukubali kwamba chema peke yake hakiendi sokoni. Siti binti Saad wa Unguja alikuwa na sauti ambayo wazee wetu hawakuisahau. Hata hivyo, mwaka 1928 ilikuwa ni kampuni ya santuri iliyompeleka yeye na wenziwe Bombay kurikodi, na ni kwa biashara ile sauti yake ilifika miji ambayo mguu wake haukufika. Sauti ilikuwa yake, na njia ilikuwa ya wafanyi biashara. Hapana aliyedhulumiwa kwa kuwa santuri imetangazwa na kuuzwa.

Tena kuna pambo ambalo ni ngao. Huko Detroit katika Marekani, Berry Gordy alianzisha kampuni ya Motown mwaka 1959, na tangu mwaka 1964 bibi mmoja, Maxine Powell, akawa akiwafunza waimbaji wake namna ya kutembea, kukaa na kusema mbele za watu. Waimbaji wale walikuwa vijana weusi, wengi wao watoto wa nyumba za kimasikini, katika nchi ambayo mtu mweusi alikuwa akidharauliwa kabla hajafungua kinywa. Kuwavika nguo nzuri na kuwafunza adabu za majumba makubwa, hapana shaka kulikuwa ni biashara. Lakini kulikuwa vile vile ni kumwambia mtazamaji: huyu umdharauye ni mtu mwenye heshima. Sura ile iliundwa, na pamoja na kuundwa kwake ilikuwa kweli kuliko ile sura mbaya iliyokuwa imeenea juu yao.

Ama upande wa pili, kisa chake ni cha vijana wawili, Rob Pilatus na Fabrice Morvan, walioitwa Milli Vanilli. Walikuwa wazuri wa sura na hodari wa kucheza. Mtengenezaji wao, Frank Farian wa Ujerumani, akatoa santuri zenye picha zao na majina yao, na sauti za watu wengine. Mwezi wa Februari 1990 wakapewa tunzo ya Grammy ya wasanii wapya bora. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule Farian akakiri kuwa hawakuimba hata neno moja katika santuri ile, na tunzo ikanyang'anywa. Mwaka 1991 mahakama ya Marekani ikakubali sulhu ya kuwa walionunua santuri ile warejeshewe sehemu ya fedha zao.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwani pana swali lisilokuwa jepesi. Wanunuzi wale walipoteza nini? Nyimbo zilikuwa ni zile zile. Aliyezipenda siku ya Jumatatu, siku ya Jumanne hakuna noti iliyobadilika ndani yake. Ikiwa wamenunua sauti, basi sauti wameipata. Kwa nini waone wamedhulumiwa?

Jawabu yake, kwa maoni yetu, ni kuwa mwenye kumpenda mwimbaji hutoa vitu viwili: fedha yake na imani yake. Humsadiki yule mtu kuwa yale yatokayo kinywani mwake ni yake. Fedha yaweza kurejeshwa na mahakama, lakini hapana hakimu awezaye kurejesha imani. Mwenye kutia maji katika maziwa amemwibia mnunuzi senti chache. Mwenye kutia mtu wa uwongo katika mapenzi ya watu amewafanya waone haya kwa kuwa waliwahi kupenda. Hii ni ghishi iliyo nzito zaidi, ingawa haina mizani ya kuipimia.

Basi tumepata kipimo cha kwanza: pazia likifunuliwa na mnunuzi akaona yaliyo nyuma yake, je, atasema "Nimedhulumiwa"? Mwaka 1962 Brian Epstein aliwavua vijana wa Beatles wa Liverpool majaketi yao ya ngozi akawavisha suti, akawakataza kula na kuvuta sigara jukwaani. Khabari hii imekwisha kuandikwa vitabuni, na hapana mtu aliyerudisha santuri kwa ajili yake. Suti ilikuwa pambo. Nyimbo na sauti zilikuwa zao.

Lakini kipimo hiki kimoja hakitoshi, na ushahidi wake ni katika khabari za watu hao hao. Mwezi wa Agosti 1962 John Lennon alimwoa Cynthia Powell, na wakapata mtoto wa kiume mwezi wa Aprili 1963. Ndoa ile ikafichwa kwa makusudi, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba wasichana hawatampenda kijana mwenye mke. Walipoonekana mara ya kwanza katika televisheni ya Ed Sullivan huko New York tarehe 9 Februari 1964, chini ya sura yake yaliandikwa maneno ya kuwaomba wasichana radhi kwamba huyu amekwisha kuoa. Je, wasichana wakamwacha? La. Wakapiga kelele vile vile na wakanunua vile vile. Kwa kipimo chetu cha kwanza, hapana mnunuzi aliyelalamika, kwa hivyo hapana aliyedhulumiwa. Na yule mke? Alibeba mimba na kulea mwana ilhali dunia ilikuwa haitakiwi ijue kuwa yupo. Yeye hakuwa muuzaji wala mnunuzi katika soko lile, na gharama ya ile sura alikuwa akiilipa yeye.

Kwa hivyo twahitaji kipimo cha pili: sura hii gharama yake yalipwa na nani? Na tukikitumia kipimo hiki tutarudi kwa Pilatus na Morvan tukawatazama upya. Watu waliwacheka mno. Lakini na wao pia walikuwa wamevikwa sura wasiyoweza kuivua. Siku ilipovuliwa na wengine, fedheha iliwashukia wao zaidi kuliko aliyeishona. Pilatus alikufa huko Ujerumani mwaka 1998, akiwa bado kijana. Na walioimba khasa, kina John Davis na Brad Howell, sauti zao zilipendwa na mamilioni ya watu na nyuso zao hazikujulikana. Katika kisa kimoja wamedhulumiwa mnunuzi, aliyefichwa, na aliyevikwa.

Sasa turudi kwa mwalimu na wanafunzi wake. Twasema: somo hili lafaa kusomeshwa, na kulificha hakumlindi mtu. Sonara humfunza mwanawe kuitambua shaba iliyopakwa dhahabu, wala hasemi kuwa kwa kumwonyesha shaba atamfanya mwizi. Kijana asiyejua sura zinavyoundwa ndiye mwepesi wa kunaswa nazo. Tena siku hizi kijana wa Mombasa au Lamu si mnunuzi tu. Kwa simu iliyo mkononi mwake yeye mwenyewe huuza sura yake kila siku, akachagua picha hii na kuificha ile, akahisabu waliompenda na waliompita. Kazi waliyokuwa wakiifanya kina Epstein kwa malipo, yeye aifanya bure, na bidhaa ni nafsi yake.

Ila twaona upungufu katika ile kazi ya kumbuni mwimbaji. Mwimbaji wa karatasi hana mke wa kufichwa. Halii, hazeeki, wala hafi. Mwanafunzi humpa jina, humvika, humuuza, kisha hufunga daftari lake akapewa alama nzuri. Kidogo kidogo atazoea kudhani kwamba hata wale walio hai ni wa karatasi. Basi dawa yake ni kuwa mwalimu, kazi ikisha kukamilika, amwulize mwanafunzi maswali mengine: Mwimbaji wako akitaka kuwa kama ulivyomfanya, itambidi afiche nini? Ni nani nyumbani mwake atakayeumia? Nani anaimba, nani anaonekana, na fedha zaenda kwa nani? Mwanafunzi atakayeyajibu maswali haya kwa uaminifu atakuwa amesoma ufundi na amesoma mizani yake pamoja.

Kuna na khatari ya pili, nayo ni ya yule kijana atakayetoka darasani akisema: "Nimekwisha kujua, kila kitu kimetengenezwa, basi hapana kilicho kweli." Huyu hadhani kuwa amepotea, hudhani kuwa ameerevuka. Yeye na aambiwe ile methali nyingine ya wahenga: ukiona vyaelea, vimeundwa. Kuundwa si aibu. Jahazi limeundwa, tena kwa shoka na msumari na kwa jasho la watu, na kwa kuundwa kwake ndipo likaelea. Fundi mwema hulipaka sifa ili mbao zake zisiliwe na wadudu. Lakini sifa haiponyi ubao uliooza. Ajuaye vyombo hasemi kuwa majahazi yote ni ya uwongo kwa sababu yote yamepakwa. Hugonga ubao kwa mkono wake, akasikiliza.

Basi chema, ndugu msomaji, hakijiuzi chenyewe. Kina mtu wa kukichukua sokoni, na mtu huyo aweza kuwa mwaminifu na aweza kuwa khaini. Yatupasa tuwafunze vijana wetu kuwatenga wawili hawa, kabla hawajawa wanunuzi wa mmoja wao au wanafunzi wake. Na mwenye mtoto nyumbani asingoje shule. Usiku wa leo, akimkuta ameinamia simu akitazama uso wa mtu mashuhuri, asimnyang'anye. Na akae naye, amwulize kwa upole: "Mwanangu, nyuma ya picha hii kuna nani?"