Je, Nia Njema Yamtosha Mpanda Mti?

Watu wamezowea kudhani ya kuwa kupanda mti ni wema usiohitaji kuulizwa. Ashikaye jembe husifiwa, wala hapana atazamaye mche wake ni wa mti gani na umetoka wapi. Sisi twaona jambo hili lataka kufikiriwa, kwani madhara mengi huingia kwa mlango wa nia njema.

Katika miaka ya 1980 ulipandwa Baringo mti wa mathenge, ambao asili yake ni Marekani ya Kati na ya Kusini, ili kuzuia jangwa na kuwapatia watu kuni. Walioupanda hawakukusudia ubaya. Lakini ulitanda malishoni, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi, hata mwaka 2006 wenyeji wakaishitaki Serikali, na mbuzi kibogoyo akapelekwa mahakamani kuwa ushahidi.

Wala mtu asiseme kwamba hayo ni mambo ya bara. Sisi watu wa pwani twakosa kwa miti yetu wenyewe. Kila mvuvi ajua kwamba mlilana, mti wa mataruma ya jahazi, ndio usimamao mbele kupokea mawimbi, na mkoko huwa nyuma yake. Lakini mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti mama; ikianguka, hata mtoto aweza kuiokota na kuichomeka topeni. Ya mlilana ni ndogo mno, imo ndani ya tunda, nayo yataka kitalu na miezi ya kulelewa. Basi siku ya kupanda ikifika, pamoja na wageni wake na picha zake, huchomekwa mikoko po pote, hata mahali pa mlilana. Bahari huing'oa, na watu husema ni kadari. Kadari gani? Huo ni uvivu wa mwaka uliopita.

Kwa hivyo wajibu wa mpanda hutangulia jembe. Miti ina majira yake ya kuzaa, na mbegu za miti hii ya maji chumvi hazikai ghalani kama mahindi. Akiba yake ni miti mizazi iliyoachwa bila kukatwa, na kitalu kilicho karibu nayo.

Wapo wasemao kwamba maskini ataka mti wa haraka, kama mvinje. Hoja hii haidharauliki, na mvinje katika shamba lake ni haki yake. Lakini ufuo si shamba la mtu mmoja. Huko Gazi, ambako mikoko ilikatwa sana kwa kuni za viwanda katika miaka ya 1970, wanakijiji walioirudisha na kuilinda wamepata, kwa mradi wao wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013, fedha za maji na skuli.

Twaona kazi ya mbegu ni fardhi ya kifaya: asipoifanya ye yote, lawama ni yetu sote. Kila kijiji chenye mikoko na kiwe na watu wawili watatu wanaolipwa kuokota mbegu na kulea miche, hata katika mwaka ambao hapana mgeni ajaye kupanda.